Tulale Juu ya Nini?

(Mazungumzo yaliyotolewa na kamati ya mradi wa magodoro siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, Pangani. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, isipokuwa vicheko tumevipunguza.)

  

Tumepewa dakika 20 tuzungumzie malazi. Kamati ya mikopo imeshasoma hesabu zake, na tumefurahi kwamba safari hii hakuna aliyenuna. Sisi tumeambiwa tueleze namna ya kuchagua godoro, mto, shuka na mkeka uliotokana na mimea, kitu cha kudumu, kisichoumiza mgongo wala mfuko. Tutaeleza. Lakini itabidi kwanza turudi kwenye ile aibu yetu ya mwaka wa tatu, kwa sababu mradi huu haukuzaliwa kwenye semina. Ulizaliwa kwenye ugomvi.

Wanachama wa zamani wanakumbuka. Mwaka ule mfuko ulikuwa umenona kidogo, ikaletwa hoja kwamba kila mwenye kutaka apate godoro jipya la sponji kwa mkopo, tununue kwa jumla. Nani angekataa? Tukanunua magodoro 22 ya inchi nne, yenye maua, yamefungwa nailoni yanang'aa. Siku yalipoteremshwa kwenye gari tulipiga vigelegele. Bei tuliiuliza, rangi tukaichagua, hata upana tukaupima kwa futi. Uzito hakuuliza mtu.

Mkopo ulikuwa wa miezi 12. Haukufika mwezi wa nane, magodoro mengi yalikuwa yamebonyea katikati kama mtumbwi. Sasa jamani, fikirieni mtu anayelala kwenye chaga, mbavu zinahesabu mbao, halafu Jumamosi anaambiwa alete rejesho la godoro hilo hilo. Wakaanza kusuasua. Mmoja akasimama kikaoni akasema waziwazi, "Godoro limekufa, na deni nalo life." Sanduku likafunguliwa wiki tatu mfululizo kwa funguo zake tatu, na wiki zote tatu likafungwa kama lilivyofunguliwa. Wanachama saba wakaondoka. Wawili kati yao tunawaona pale mstari wa nyuma, wamekuja kutupongeza. Karibuni, viti vyenu vipo.

Aliyetuokoa hakuwa mtaalamu. Ni bibi mmoja mwanachama mwenzetu, ambaye miaka miwili iliyopita ametangulia mbele ya haki. Siku ya kikao kikali kuliko vyote alituacha tukagombana mpaka tukachoka, kisha akasema yeye bado analalia godoro la sufi aliloolewa nalo, na amelifumua mara nne. Hatukumwamini. Akamtuma mjukuu wake alilete kichwani. Tukalifumua pale pale uani. Sufi ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa ya moshi, imegandana mabonge mabonge, lakini tulipoichambua kwa vidole na kuianika ikafura tena mbele ya macho yetu. Hapo tukaelewa tofauti. Godoro la sponji likishabonyea huna la kulifanya, maana sponji ile ni povu la plastiki lililotokana na mafuta ya petroli, vitundu vyake vikishalegea havirudi. La sufi likibonyea unalifumua, unachambua, unaongeza kilo mbili tatu, unashona. Kitambaa kinachoka, sufi inabaki.

Basi tuanze na hiyo sufi, maana ndiyo tunayoijua zaidi.

Msufi mnaujua, ni ule mti mrefu wenye shina la miiba, unaopukutisha majani wakati wa kiangazi ukabaki na maganda yananing'inia. Maua yake hufunguka usiku na popo ndio wanaoyatembelea. Wajerumani waliupanda kwenye mashamba yao mkoani huku pamoja na mkonge, wakawa wanasafirisha sufi Ulaya. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani kama mrija na umepakwa nta kwa nje, ndiyo maana ni mwepesi vile na haupendi maji. Zamani mabaharia walivaa maboya ya kujiokolea yaliyojazwa sufi hiyo hiyo. Kuisokota uzi ni tabu kwa sababu ni fupi na inateleza, kwa hiyo msije mkadanganywa kuna shuka ya sufi. Kazi yake ni kujazia.

Jambo moja zuri la sufi ni kwamba mbegu yake haikushikamana na nyuzi. Pamba huota kwenye mbegu, kuitoa ni kazi ya mashine. Sufi huota kwenye ukuta wa ganda, mbegu imelala tu katikati. Kwa hiyo unaitia kwenye tenga au pipa, unaikoroga kwa mti kama unapekecha mlenda, mbegu zinadondoka chini zenyewe. Vumbi lake ni baya, funga khanga puani, na mwenye pumu asikae karibu siku hiyo. Mbegu usitupe. Zina mafuta, na wenzetu wa sabuni wanazitaka.

Mwanzoni tuliharibu. Lazima tuseme. Magodoro yetu sita ya kwanza tuliyajaza kwa haraka, tulikuwa na oda ya harusi, mbegu hatukuzitoa zote. Panya wakazifuata mbegu ndani ya godoro. Bibi harusi alirudisha godoro lina tundu, na mama mkwe wake alikuja nalo mwenyewe, tena mchana, kwa njia ya sokoni ili watu waone. Tukamrudishia fedha zake zote. Tangu siku ile hakuna gunia la sufi linaloshonwa kabla ya wanachama wawili kuingiza mkono ndani na kulipekua.

Kwa mnunuzi, basi, godoro la sufi linachaguliwa hivi. Omba lifunguliwe pembeni kidogo, muuzaji mwaminifu hatakataa. Chukua konzi, ifikiche. Ikiwa ndefu, inang'aa, haina mbegu wala vipande vya ganda, ni nzuri. Ikiwa inageuka unga mkononi ni kuukuu, imechanganywa na ya magodoro ya zamani. Inusie, harufu ya kuvu haitoki kwa kuanika siku moja. Halafu tazama vifundo, yaani ule uzi mnene unaopenya toka juu hadi chini na kuzuia sufi isikimbilie pembeni. Vikiwa mbalimbali sana, baada ya miezi michache utalala bondeni na milima iko pande zote. Mwisho nyanyua. La futi tatu na nusu kwa sita letu linakula kilo 12 hadi 15. Ukiona la mtu linanyanyuka kwa kidole, ujue amekuuzia upepo.

Na sufi inashika moto haraka sana. Hili hatulifichi kwa ajili ya biashara. Mwanachama wetu mmoja aliacha kibatari kwenye stuli karibu na kitanda, paka akapita. Watu walitoka salama, namshukuru Mungu, ila chumba hakikubaki kitu. Sponji nayo huwaka, tena moshi wake ni sumu, kwa hiyo asitokee mtu akasema afadhali sponji. Kibatari, mshumaa na sigara vikae mbali na kitanda chochote.

Tukija kwenye usumba, hapa tutasema kwa kifupi kwa sababu nusu yenu mmelelewa kwa fedha za kamba. Makumbi yanafukiwa kwenye tope pwani, maji yanakuja na kuondoka, miezi inapita, kisha yanafukuliwa na kupurwa kwa rungu hadi nyuzi ziachane. Ni kazi ya mgongo na harufu yake kila mtu anaijua. Huko Kerala, India, wanawake wamefanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa vizazi vingi, na leo India na Sri Lanka ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya usumba wa dunia nzima. Nyuzi zake ni ngumu, zinanyumbuka, na haziozi upesi, la sivyo majahazi yasingefungwa kwa kamba zake.

Kwenye godoro usumba una sifa moja ambayo sponji haina, nayo ni kupitisha hewa. Joto la kaskazi mnalijua, mwezi wa kwanza na wa pili ukilala kwenye sponji unaamka umelowa kama umetoka kuvua. Lakini usumba mtupu unachoma na ni mgumu. Hivyo tulichofanya sisi, baada ya majaribio mengi na malalamiko ya waume, ni kuweka usumba chini na sufi juu, katikati kitambaa. Usumba unashika mgongo, sufi inapokea mwili. Ni zito, kulitoa nje kuanika kunataka watu wawili. Wajane na wanaoishi peke yao tunawashonea vipande viwili vinavyoungana kwa vifungo.

Kuanika si hiari. Godoro la mimea lisiloanikwa ni nyumba ya kunguni na ukungu. Kila wiki mbili, jua la saa nne hadi saa tisa, upande huu na upande huu, ulipige kwa fimbo. Wakati wa masika usilibane ukutani, liache juu ya chaga lipate hewa. Mfuko wa nje uwe wa kuvuliwa, ufuliwe kwa maji ya moto. Kunguni hujificha kwenye mishono na kwenye nyufa za kitanda, kwa hiyo ukianika godoro bila kumwagia kitanda maji ya moto umefanya nusu ya kazi. Watu husema sponji haina kunguni. Waulizeni wanaokaa hosteli.

Sasa shuka na foronya, na hapa ndipo udanganyifu ulipojaa. Dukani kila kitu ni "pamba asilimia mia." Dawa yake ni kuchomoa uzi mmoja kwenye upindo na kuuwasha kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, majivu yake laini ukiyashika yanapotea. Polista inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na inabaki punje ngumu kama shanga. Ikiwa mchanganyiko utaona vyote viwili. Muuzaji akinuna, nunua uzi wake kwa shilingi mia umalize maneno.

Kipimo hicho kina mpaka wake. Siku hizi kuna shuka zinazoitwa za mianzi, laini kama hariri, bei juu, na maneno matamu ya mazingira. Nazo zinaungua kama karatasi. Lakini nyingi ya shuka hizo mianzi yake iliyeyushwa kwa kemikali kali ikawa uji, ndipo ukavutwa uzi, kwa hiyo ni reyoni kama reyoni nyingine. Nchini Marekani mwaka 2009 serikali iliwashitaki baadhi ya wauzaji kwa kuita bidhaa hizo za mianzi bila kusema ukweli huo. Hatusemi msinunue, zinalalika vizuri. Tunasema msilipe bei ya mmea kwa kitu cha kiwandani.

Pamba nayo isisifiwe kupita kiasi. Ni zao linalopigwa dawa nyingi za wadudu, na wanaovuta dawa hizo ni wakulima wenzetu wa Kanda ya Ziwa na watoto wao. Huko Meatu wapo wakulima waliolima pamba bila dawa za viwandani tangu mwaka 1994, na pamba yao inasifika nje. Ukiipata nguo ya pamba ya namna hiyo kwa bei unayoimudu, chukua. Usipoipata, marekani ya kawaida, lile gamti lisilopaushwa ambalo babu zetu waliliita hivyo kwa kuwa lilitoka Marekani, bado ndilo mfuko bora wa godoro. Inyooshe juu kwenye mwanga kabla ya kulipa, usipoona kidole chako upande wa pili iko sawa. Ifue mara mbili kabla ya kushona maana itarudi.

Mkeka tusiusahau, ingawa vijana wanauona ni wa msibani. Mkeka wa ukindu uliotandikwa chini ya godoro unazuia mbao za chaga zisikate kitambaa, na usiku wa joto unalala juu ya mkeka wenyewe, basi. Chagua ule ambao shupatu zake zimesukwa kwa kubana na kushonwa kwa ukindu, si kwa nailoni. Kamba ya nailoni haivunjiki, ndiyo kweli, lakini inaukata ukindu kama kisu. Rangi ipakwe mate kidogo kwa kidole. Ikitoka, itatoka pia kwenye shuka yako nyeupe.

Kuna mahali ambapo sisi wenyewe tunamwambia mteja asinunue godoro letu. Mama anayemuuguza mtu asiyeweza kunyanyuka, au mwenye mtoto anayekojoa kila usiku, ni bora apate sponji nzito iliyovikwa plastiki inayofutika. Sufi ikiingia mkojo ndani haioshwi, inatupwa. Tulibishana sana juu ya hili kwenye kamati. Wengine waliona tunajiharibia soko. Lakini mwanamke aliyechoka na ugonjwa wa nyumbani hatutamwongezea kazi ya kuanika kwa sababu tu tunapenda miti. Ila naye akinunua sponji anunue kwa uzito: mbili za kipimo kimoja, ile nzito ndiyo yenye maisha. Hilo tulilipia kwa magodoro 22.

Na chandarua ni plastiki, kiacheni kama kilivyo. Malaria haina mchezo.

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuombe dakika hizi 20. Mradi umekwenda vizuri, mmesikia hesabu. Lile deni la magodoro tulimaliza kulilipa mwaka wa tano, kwa kushona. Lakini kila msimu sufi inakuwa ngumu kupatikana. Misufi ya zamani inakatwa kwa mbao za masanduku, na mingine inaangushwa viwanja vikiuzwa. Makumbi nayo yanapungua, minazi mingi ya pwani ya Bara imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, na yaliyopo mengine yanachomwa jikoni. Msimu uliopita tulinunua gunia la sufi mbali, nauli ikala faida. Tukiendelea hivi, baada ya miaka michache tutakuwa tunashona magodoro ya asili kwa sufi ya kuagiza, na bei yake mwanachama wa kawaida haitamfikia.

Kamati inapendekeza kwamba katika mgao wa mwaka huu kila mwanachama aache hisa tatu, zikodishwe ekari mbili na kupandwa misufi na minazi mchanganyiko. Tunajua maana yake. Msufi hauzai kesho, unataka miaka kama minne au mitano. Wapo kati yetu wenye ada za shule za Januari, wapo wanaosubiri mgao waezeke bati, na yupo aliyetuambia jana usoni kwamba hali miti. Ana haki. Wanakamati wenyewe watatu wanaunga mkono na wawili wanapinga, na wote watano tumesimama hapa mbele yenu, mnaweza kukisia nani ni nani.

Mheshimiwa Diwani, kwako tuna ombi dogo tu. Ile misufi miwili ya njia ya sokoni imewekwa alama ya rangi nyekundu wiki iliyopita. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Tunaomba utuulizie kabla ya shoka.

Kura ni Jumamosi ijayo saa nane mchana, baada ya marejesho, na itakuwa ya siri. Asiyefika asilalamike. Kwa leo tumetandika magodoro matatu pale chini ya mwembe: la sufi, la usumba na sufi, na moja lile la maua la mwaka wa tatu ambalo mwenyewe alilihifadhi kwa hasira. Yote matatu yamefumuliwa upande mmoja. Ingizeni mikono, nusieni, laleni. Viatu viacheni kwenye mkeka.